Mlango wa Mbele au Kifuniko cha Juu? Somo la Kuchagua Mashine ya Kufulia



Somo letu la leo linahusu chombo ambacho zamani wengi wetu tulikiona katika hoteli na hospitali tu, yaani mashine ya kufulia nguo. Siku hizi chombo hiki kimeingia katika nyumba nyingi za hapa Kicukiro, kuanzia Niboye na Kagarama hadi Kanombe na Gahanga. Anayekinunua mara nyingi ni mwajiri. Anayekitumia ni mfanyakazi wa nyumbani, mfuaji wa hoteli, au mama aliyejiunga na wenzake kufungua chumba cha kufulia. Kwa hiyo si jambo la matajiri peke yao. Ni chombo cha kazi kama jembe au cherehani, na mfanyakazi hana budi kukielewa.

Swali tunaloulizwa katika matawi ni hili: ipi bora, ile yenye mlango wa mbele au ile yenye kifuniko cha juu? Tungependa kujibu kwa neno moja, lakini hatuwezi. Nasi tumejifunza kwa gharama kwamba swali hilo si la kwanza kuulizwa. Tuanze basi kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

KOSA LETU

Katika tawi letu kuna kikundi cha akina mama waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba wakifua kwa mikono. Waliweka akiba kidogo kidogo kwa miezi kumi na moja, kisha wakaomba tawi liwasaidie kununua mashine ili wafungue chumba cha kufulia. Sisi wa kamati ya elimu tulikubali kwa furaha. Tukawatuma dukani wanaume wawili ambao, tuseme ukweli, hawajapata kufua shuka maishani mwao. Walirudi na mashine ya mlango wa mbele, nyeupe, inayong'aa. Muuzaji alikuwa amewaambia kwamba ndiyo inayotumiwa na mahoteli.

Wiki ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Wiki ya pili, siku ya Jumanne, bomba likakauka, kama linavyokauka mara kwa mara upande wetu wa mlima. Akina mama hawakushtuka. Walikwenda kuteka maji kwa majerikani kama walivyozoea, wakayaleta, wakasimama mbele ya mashine. Hapo ndipo walipoona kwamba hakuna mahali pa kuyamimina. Ukifungua mlango wa mbele, maji yatakumwagikia miguuni. Walijaribu kuyapitisha katika kidroo cha sabuni, kikombe kwa kikombe. Mashine ilikuwa ikingoja maji ya bomba lake. Ilingoja, ikaandika herufi za hitilafu, ikasimama. Shuka za mteja zilibaki ndani, zimelowa, na mlango umejifunga.

Mama mmoja mzee katika kikundi alitugeukia sisi wanakamati akasema: "Ninyi mliuliza bei. Je, maji mliyauliza?"

Hatukuwa na jibu. Somo hili lote ni jaribio la kumjibu mama yule.

AINA TATU NA UTENDAJI WAKE

Watu husema aina ni mbili, lakini katika maduka ya Kigali kuna tatu ambazo mfanyakazi atakutana nazo.

Ya kwanza ni ya mlango wa mbele. Pipa lake limelala ubavu. Maji hukaa chini tu ya pipa, hayajazi. Pipa linapozunguka hubeba nguo hadi juu na kuziangusha tena ndani ya maji. Ni kazi ile ile ya mama wa mtoni anayeinua nguo na kuipiga juu ya jiwe. Kwa kuwa nguo ndizo zinazoyafuata maji, maji machache yanatosha.

Ya pili ni ya kifuniko cha juu inayojiendesha. Pipa lake limesimama wima. Chini yake kuna sahani yenye mapezi, au katikati kuna mti unaozunguka huku na huku. Nguo lazima ziogelee ndipo zifuliwe, kama mtu anavyokoroga nguo katika beseni. Maji lazima yazifunike, na kwa hiyo yanahitajika mengi. Zipo za kisasa zinazotumia maji pungufu kidogo, lakini kanuni ni hiyo.

Ya tatu nayo hufunguliwa juu, ila ina mapipa mawili kandokando: moja kubwa la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Hii haijiendeshi yenyewe. Mtu hujaza maji, huzungusha saa, hufungua maji machafu yatoke, kisha huhamisha nguo kwa mikono kutoka pipa moja kwenda jingine. Kwa kawaida ndiyo yenye bei ya chini kuliko zote, na ile ya mlango wa mbele ndiyo ghali.

HESABU YA MAJI

Sasa tuchukue kalamu. Tuseme nyumba moja ina kilo 14 hivi za nguo kavu kwa wiki. Tutumie makadirio ya kawaida, na kila mmoja ayalinganishe na kijitabu cha mashine yake.

Mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 hutumia lita 50 hivi kwa mzunguko mmoja. Mizunguko miwili ni lita 100, yaani majerikani 5 ya lita 20.

Mashine ya kifuniko cha juu inayojiendesha, ya kilo 7, hutumia lita 120 hivi. Mizunguko miwili ni lita 240, yaani majerikani 12.

Mashine ya mapipa mawili hutegemea akili ya anayeitumia. Tuseme tunagawa nguo mafungu matatu, na kila pipa la maji ni lita 40. Tukibadilisha maji kila mara, fungu moja litataka pipa la kufulia na mapipa mawili ya kusuuzia. Mafungu matatu ni mapipa 9, yaani lita 360, majerikani 18. Lakini mfuaji hodari hafanyi hivyo. Huanza na nguo nyeupe, halafu za rangi, mwisho za kazi, zote katika maji yale yale ya sabuni. Maji ya suuzo la kwanza nayo huyatumia kwa mafungu yote matatu. Suuzo la mwisho tu ndilo hupewa maji mapya kila fungu. Hapo ni mapipa 5, yaani lita 200, majerikani 10. Mfuaji ameokoa lita 160 kwa kupanga tu kazi yake.

Kwa faranga, tuseme jerikani moja mnaletewa kwa faranga 200. Mlango wa mbele utakula faranga 1,000 kwa wiki, kifuniko cha juu 2,400, na mapipa mawili 2,000 yakitumiwa kwa mpango au 3,600 yakitumiwa ovyo. Anayelipa bili ya maji ya bomba atafute bei ya mita moja ya ujazo katika risiti yake, na akumbuke kwamba mita moja ya ujazo ni lita 1,000.

Lakini sisi ni chama cha wafanyakazi, na kuna hesabu nyingine ambayo muuzaji hataitaja kamwe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tofauti kati ya lita 240 na lita 100 ni lita 140 kwa wiki, na mahali pasipo na bomba hizo ni kilo 140 za kupandishwa mlimani na mtu. Kwa wiki 52 ni kilo 7,280. Zaidi ya tani saba kwa mwaka, kwa mgongo wa msichana mmoja, kwa sababu tu ya aina ya mashine aliyoichagua mtu mwingine.

MFANO WA BERN

Si hapa kwetu tu ambapo jambo hili limepimwa. Nchini Marekani kampuni ya Bendix ilionyesha mashine ya mlango wa mbele inayojiendesha mwaka 1937. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata Wamarekani walio wengi walipendelea ya kifuniko cha juu, maana maji na umeme havikuwapa shida. Ulaya ilishika njia ya mlango wa mbele.

Mwaka 1997 Wizara ya Nishati ya Marekani ilifanya jaribio katika mji mdogo wa Bern, jimbo la Kansas, wenye watu wapatao 200. Mji huo ulikuwa na upungufu wa maji. Mashine za zamani za watu zaidi ya 100 ziliondolewa, wakapewa za mlango wa mbele, na maji yakapimwa kabla na baada. Matumizi ya maji ya kufulia yalishuka kwa asilimia 38 hivi, na nishati kwa asilimia 58 hivi.

Hapa tuwe waangalifu. Watu wa Bern walikuwa wakifua kwa maji moto, na sehemu kubwa ya nishati iliyookolewa ilikuwa ile ya kupasha maji. Kwetu sisi tunaofua kwa maji baridi, faida hiyo ya pili ni ndogo. Faida ya maji inabaki. Na jambo jingine: Bern walikuwa na upungufu, lakini mabomba yao yalikuwa na maji. Bomba lenye upungufu na bomba lililokauka ni vitu viwili tofauti.

BOMBA NA JERIKANI

Hapa ndipo penye fumbo lenyewe. Mashine inayotumia maji machache inakataa jerikani. Mashine inayopokea jerikani inakunywa maji mengi. Mwenye shida ya maji anavutwa huku na huku.

Mashine ya mlango wa mbele ina vali inayofunguliwa na umeme, na vali hiyo hutaka maji yasukume. Katika kijitabu mtaona limeandikwa sharti la msukumo, kwa mfano bar 0.5, au MPa 0.05, ambavyo ni kitu kimoja. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa bar 1. Tangi lililo juu ya kinara cha mita 3 hutoa bar 0.3 tu. Kwa mashine nyingine hiyo inatosha, kwa nyingine haitoshi. Soma kijitabu kabla ya kulipa.

Watu wa Kicukiro tuna bahati moja inayofanana na balaa. Tunakaa milimani. Mlima ndio unaofanya maji ya bomba yachelewe kupanda kwa walio juu wakati wa mgao, hata baada ya kiwanda cha maji cha Kanzenze, chenye uwezo wa mita za ujazo 40,000 kwa siku, kufunguliwa mwaka 2021. Lakini mlima huo huo unaweza kutupa msukumo bila pampu. Kiwanja kikiwa na mteremko, tangi likiwekwa ukingo wa juu na mashine ukingo wa chini, tofauti ya mita tano au sita hupatikana pasipo kujenga kinara kirefu. Tahadhari: tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Msingi wake ujengwe na fundi, siyo matofali yaliyopangwa tu.

Maji ya mvua ya paa nayo yasidharauliwe. Kuanzia Machi hadi Mei mfereji mmoja wa bati hujaza tangi haraka, na maji ya mvua hutoa povu kwa sabuni kidogo. Yachujwe kwa kitambaa kabla ya kuingia tangini, maana mchanga huziba chujio dogo lililo kwenye mdomo wa mpira wa kuingizia maji.

Asiye na tangi wala mteremko, na anayetegemea jerikani kila wiki, ajue kwamba chombo chake ni kile kinachofunguliwa juu. Hasa ni cha mapipa mawili, ambacho maji yake yanaweza kutumiwa tena. Ile ya kifuniko cha juu inayojiendesha humwaga maji yake ya sabuni kila mzunguko, na kuyakinga katika beseni ni kazi ya ziada.

UMEME, SABUNI NA MCHANGA

Mashine nyingi za mlango wa mbele zina hita ndani. Tufanye hesabu tena. Kupasha lita moja kwa digrii moja kunahitaji kilojuli 4.2. Lita 15 za kufulia kutoka digrii 20 hadi 60 ni 15 mara 40 mara 4.2, yaani kilojuli 2,520. Gawanya kwa 3,600, utapata uniti 0.7 za umeme. Hizo ni za kupasha tu, mbali na mota. Anayenunua umeme wa Cash Power kwa faranga elfu moja moja ataona uniti zinavyokimbia. Kwa nguo za kawaida tumieni maji baridi au digrii 30. Maji ya digrii 60 yawekewe nguo za mgonjwa, nepi na shuka za hospitali. Kwa kazi hiyo ya afya, mlango wa mbele hauna mpinzani, kwa sababu zile za kufunguliwa juu zinazouzwa huku kwa kawaida hazina hita.

Hita hiyo huvuta wati 2,000 hivi. Isichomekwe katika waya mmoja wa nyongeza pamoja na pasi au jiko la umeme.

Kuhusu sabuni, ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi. Katika beseni na katika mapipa mawili haina neno. Katika mlango wa mbele povu hujaza pipa, nguo hazianguki tena kwa nguvu, na mashine hurudia kusuuza bila kikomo. Inataka sabuni yake ya povu dogo, ambayo ni ghali zaidi. Gharama hiyo iwekwe katika bajeti tangu mwanzo.

Kuhusu kukamua, ile ya mbele mara nyingi huzunguka mara 1,000 hadi 1,400 kwa dakika. Ya juu inayojiendesha mara 700 hivi. Kilo 7 za nguo zikikamuliwa kwa kasi ya 1,200 hubaki na lita 4 hivi za maji. Kwa 700 hubaki na lita 5 hivi. Pipa dogo la ile ya mapipa mawili nalo hukamua kwa kasi. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, jua litamaliza kazi. Wakati wa masika, anayefua kwa malipo ataona tofauti: nguo iliyokamuliwa vizuri humrudia mteja leo, iliyokamuliwa vibaya humrudia kesho kutwa, tena ina harufu.

Vumbi jekundu la barabara zetu na mchanga wa mifuko ya mafundi ujenzi ni adui wa mashine zote. Kung'uteni nguo nje. Geuzeni mifuko. Sarafu moja inaweza kuziba pampu. Ile ya mbele ina mpira mlangoni unaoshika maji na uchafu. Usipopanguswa kila siku utaota ukungu mweusi na kunuka. Mlango uachwe wazi kidogo baada ya kazi, isipokuwa penye watoto wadogo wanaoweza kujificha ndani ya pipa.

Na fundi je? Ya mapipa mawili ina mota, mkanda na saa ya kuzungusha. Mafundi wengi wa mtaani wataweza kuifungua. Zinazojiendesha zina bodi ya umeme ambayo ikiungua kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka huweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya mashine. Wekeni kidhibiti cha umeme, na kabla ya kununua ulizeni kama vipuri vinapatikana Kigali.

MWILI WA MFANYAKAZI

Mashine ya mbele humtaka mfuaji ainame au achuchumae kila anapoingiza na kutoa nguo. Dawa yake ni jukwaa imara la zege, si stuli wala kreti, kwa kuwa wakati wa kukamua mashine hutikisika. Na boliti za usafirishaji zilizo nyuma lazima ziondolewe siku ya kwanza. Zikisahaulika mashine itatembea chumba kizima. Ile ya juu haimwinamishi mtu, lakini mwenye kimo kifupi huning'inia ukingoni kutafuta soksi iliyobaki chini. Mapipa mawili humsimamisha mtu muda wote, na humtaka ahamishe nguo nzito zilizolowa.

Kwa zote, waya wa ardhi uwepo. Plagi isishikwe kwa mikono yenye maji. Mkono usiingie katika pipa la kukamulia kabla halijasimama kabisa, hata kama kifuniko kimefunguka.

NANI ACHAGUE?

Tumefika kwenye kiini. Mara nyingi mwajiri hununua mashine kwa nia njema, ili kumpunguzia mfanyakazi kazi. Lakini asipomuuliza, anaweza kumwongezea. Msichana aliyekuwa akifua kwa beseni mbili za maji huambiwa sasa ajaze pipa la lita nyingi kila mara. Kisha, kwa kuwa "mashine ndiyo inayofua", hupewa kazi nyingine juu yake, au huambiwa mshahara upungue. Mashine ya kujiendesha haijichotei maji, haijianikii nguo, wala haijipigii pasi.

Sheria Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda inawagusa pia wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi katika mambo ya afya na usalama kazini na katika haki ya kuunda vyama. Kwa hiyo si utovu wa adabu mfanyakazi kuzungumza juu ya mashine. Tunashauri mambo matano yazungumzwe kwa upole kabla mashine haijaingia nyumbani:

1. Anayefua aulizwe kabla ya kununua, na ikiwezekana aende dukani.
2. Maji yatatoka wapi siku bomba likikauka, na nani atayabeba.
3. Muda wa kujifunza mashine uhesabiwe kuwa muda wa kazi.
4. Mshahara usipunguzwe kwa sababu ya mashine.
5. Kuchakaa kwa kawaida kwa mashine kusikatwe katika mshahara wa mfanyakazi.

TULIVYOREKEBISHA

Mtauliza ile mashine yetu iliishia wapi. Tulitaka kuirudisha, muuzaji akakataa. Tulitaka kuiuza, tukaona tutapoteza nusu ya akiba ya akina mama. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukaitisha mkutano, na safari hii wafuaji walizungumza kwanza, kamati ikasikiliza.

Wao ndio walioona kile ambacho sisi hatukukiona: kiwanja cha jirani yetu wa upande wa juu, ambaye ni mwanachama, kiko juu kuliko chumba chetu kwa mita zaidi ya sita. Aliturusu tuweke tangi ukingoni mwake, naye apate maji ya kumwagilia mboga. Tulifunga mfereji kwenye bati lake na lake letu. Gharama ya tangi, msingi na mabomba ilikaribia bei ya mashine yenyewe. Hiyo ndiyo bei halisi ya kutouliza.

Baada ya miezi saba kikundi kilinunua kwa fedha yake mashine ya mapipa mawili iliyokwisha tumika. Hatukumtuma mtu. Walikwenda wenyewe watatu, wakaomba ndoo ya maji, wakafulia kitenge kimoja pale pale dukani, wakasikiliza mota, wakatazama kama maji yanavuja, ndipo wakataja bei. Leo shuka na nguo za wagonjwa huingia mlango wa mbele. Ovaroli za mafundi na siku za ukame ni za mapipa mawili. Nguo bado ni nyingi na mapato bado ni madogo. Lakini hakuna shuka ya mteja iliyofungiwa tena ndani ya mashine.

Basi jibu letu kwa matawi ni hili. Penye bomba la kuaminika, au tangi lenye msukumo, chukueni mlango wa mbele: unatunza maji, unafua kwa kina na unafaa kwa nguo za wagonjwa. Penye jerikani, chukueni mapipa mawili na mjifunze kupanga mafungu. Ile ya kifuniko cha juu inayojiendesha inamfaa mwenye maji tele na muda mfupi, kwa kuwa humaliza kwa saa moja hivi kazi ambayo ile ya mbele huweza kuifanya kwa saa mbili au zaidi. Na kabla ya yote, muulizeni mbebaji wa maji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

1. Katika mtaa wenu, bomba hukauka siku ngapi kwa wiki? Andikeni kwa mwezi mmoja kabla ya kununua mashine yoyote.
2. Pimeni kimo kati ya mahali tangi linapoweza kukaa na mahali mashine itakapokaa. Mtapata msukumo wa bar ngapi?
3. Nyumba moja hufua kilo 21 kwa wiki. Kwa makadirio ya somo hili, itahitaji majerikani mangapi kwa mlango wa mbele, na mangapi kwa kifuniko cha juu kinachojiendesha? Tofauti yake kwa mwaka ni kilo ngapi za kubebwa?
4. Kwa nini nguo nyeupe hutangulia na za kazi hufuata katika mapipa mawili? Wafuaji wa tawi wawafundishe wengine.
5. Je, kuna chombo kingine kazini kwenu kilichonunuliwa bila kumuuliza anayekitumia? Matokeo yake yalikuwa nini?